Nani Akosekane

Kila nyumba ya akina Parker inapojengwa upya, kuna mtu mmoja anayekosa chumba.

Mwaka 1962 alikuwa Ben. Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walipotoa hadithi ya kurasa 11 ndani ya Amazing Fantasy namba 15, mwezi Agosti, walituletea kijana yatima aitwaye Peter Parker, analelewa na baba yake mkubwa Ben pamoja na mkewe, May. Kijana anaumwa na buibui, anapata nguvu, anamwachia mwizi ampite pembeni kwa kuwa halimhusu. Halafu usiku mmoja anarudi nyumbani, anamkuta askari polisi. Ben akipigwa risasi hatumwoni. Mwili wake hatuuoni. Tunapewa habari tu, kwa kinywa cha mtu tusiyemjua, tukiwa bado tumesimama. Wengi wetu habari za namna hiyo tumezipokea hivyohivyo.

Picha ambazo Ben yumo akiwa hai, katika hadithi ile, ni chache mno. Aliishi kurasa mbili tatu, kisha akawa marehemu kwa zaidi ya miaka 60, na umarehemu ukawa ndiyo kazi yake. Kila Peter anapochoka, kila anapotamani kulivua vazi lake la Spider-Man na kulala usingizi wa watu wengine, Ben hukumbukwa, naye huinuka. Najiuliza kama mtu aliyebuniwa ili akosekane aliwahi kuwapo. Tunapomlilia, je, tunamlilia yeye? Au tunaililia nafasi yake, ambayo ilichorwa kabla yake?

Januari 2024 nikamwona akizungumza.

Jonathan Hickman, na mchoraji wake Marco Checchetto, walikuwa wameanza Ultimate Spider-Man, hadithi ya ulimwengu wa pembeni ambako mtu mwovu ameichezea historia na kumwepusha Peter na yule buibui. Kwa hiyo Peter amekua bila kuumwa. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ana ndevu, ana kazi, ana mke, Mary Jane, na watoto wawili, Richard na May. Anavyo vyote ambavyo Peter wa zamani alinyang'anywa kimoja baada ya kingine. Hata hivyo anahisi amepungukiwa, na hajui amepungukiwa na nini. Hicho ndicho kilichonishika kuliko mapambano yote yaliyofuata. Kuna msiba usio na maiti, msiba wa maisha ambayo hayakukufika, na mwenye msiba huo hana wa kumpa pole.

Ben naye yumo: mzee mwenye mvi, mtu wa magazeti, ana hasira na tajiri anayetaka habari zifukiwe. Nilifurahi kumwona, furaha ya kijinga ya msomaji aliyezoea kumtaja na rehema juu. Ndipo nikaanza kutafuta nani hayupo.

May hayupo. Toleo la kwanza linapofunguka, yeye tayari ni marehemu, mmoja wa wengi waliouawa katika shambulio lililoupiga mji wa New York. Jina lake amebaki nalo mjukuu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kwamba waandishi hawa, hata wanapopewa ulimwengu mtupu na kalamu iliyojaa wino, hawawezi kuijaza nyumba ile. Wanaweza kumhamisha marehemu kutoka kitanda kimoja kwenda kingine. Kumwondoa kabisa hawawezi. Sijui kama ni woga wa ufundi, kwamba bila pengo hadithi haina pa kuanzia, au kama kuna jambo wanalijua ambalo mimi bado.

Lakini ubadilishanaji huu umeleta kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Ben wa 1962 hakupata nafasi ya kufiwa. Alikuwa maiti, na maiti hana msiba. Msiba ni wa waliobaki. Sasa amebaki yeye. Mke akifiwa na mume, kwetu, anakaa eda miezi minne na siku kumi. Ana chumba chake, nguo zake, mipaka yake, na watu wanajua pa kumkuta. Mume akifiwa na mke hana eda. Siku ya tatu matanga yakishaanuliwa, anatazamiwa avae viatu atoke. Atoke aende wapi?

Ben anakwenda kazini. Na kazini anakuta gazeti alilolitumikia, Daily Bugle, liko mikononi mwa tajiri yule, Wilson Fisk, basi yeye na swahiba wake J. Jonah Jameson wanaondoka kwenda kuanzisha gazeti lao wenyewe. Wazee wawili, wanafuatilia habari, wanabishana. Mashabiki wengi walisoma matoleo haya kwa ajili ya Peter na vazi lake. Mimi nilivuka kurasa za mapigano upesi nipate kuwafikia hawa wazee, maana niliona kwamba kazi ile ndiyo eda ya Ben, na kwamba haina idadi ya siku.

Ningependa kusema kwamba nilimwona hivyo kwa sababu Hickman ni mwandishi hodari, na ni hodari kweli. Ila nadhani ni kwa sababu ya baba yangu mdogo. Yeye ndiye aliyeniletea vitabu hivi, vya mitumba, vilivyouzwa chini juu ya turubai pamoja na vitabu vya hesabu vya darasa la saba, vingi vikiwa vimepoteza majalada. Havikuja kwa mpangilio. Nilimkuta mtu amefufuka kabla sijajua alikufa. Nilisoma arusi baada ya talaka. Labda ndiyo maana mpaka leo kifo katika katuni hunipata pembeni, sijui kama kinakuja au kinaondoka. Baba mdogo alifariki akamwacha mama mdogo. Katika maisha yetu mpangilio ulikuwa huo, wala hakutokea mwandishi mwingine akaupindua.

*

Huyu May amewahi kufa kabla ya hapo, na alikufa vizuri.

Ilikuwa mwaka 1995, Amazing Spider-Man namba 400, J. M. DeMatteis akiandika na Mark Bagley akichora. Bibi mgonjwa anapelekwa juu kabisa ya jengo la Empire State, na huko, upepo ukimpiga, anamwambia Peter kwamba siku nyingi amejua yeye ndiye Spider-Man. Miaka yote ile ya uongo wa kumkinga, kumbe mlindwa ndiye aliyekuwa analinda. Kisha anarudi nyumbani, analala, anakufa kitandani pake, aliowapenda wakiwa karibu. Hakuna adui chumbani. Hakuna mlipuko. Ni kifo ambacho mtu angekiomba.

Mwaka 1998 tukaambiwa hakuwa yeye. Alikuwa mwigizaji, amebadilishwa sura, amewekwa pale na adui wa Peter, Norman Osborn. May mwenyewe alikuwa amefungiwa mahali, yu hai.

Mashabiki walicheka, wengine wakakasirika. Mimi kilichonikaa ni yule mwigizaji. Alifia kitandani kwa mtu mwingine, akililiwa na kijana asiye wake, akazikwa chini ya jina lisilo lake. Aliigiza vizuri mpaka mwisho, mpaka akafa ndani ya nafasi yake. Nani alimlilia yeye? Na yale machozi yetu ya 1995 tuyaweke wapi? Hayarudi machoni. Je, huzuni inakuwa ya bandia kwa sababu maiti alikuwa wa bandia? Nikiurudia ukurasa ule wa juu ya jengo, na ninaurudia, koo bado linabana. Sijui linambania nani.

Tena mwaka 2007 May akapigwa risasi iliyokusudiwa Peter, na safari hii waandishi hawakutaka kumwachia. Hadithi inaitwa One More Day, ya J. Michael Straczynski na Joe Quesada. Peter anatafuta kila dawa na kila mganga, hakuna. Anajitokeza Mephisto, shetani wa Marvel, anatoa bei. Roho haitaki. Anataka ndoa. Peter na Mary Jane walikuwa wameoana tangu 1987, mbele ya wasomaji, kwa mavazi na mashahidi, na sasa ndoa ile itafutwa isiwe imewahi kutokea, wala wao wenyewe wasiikumbuke. Kabla hawajaitikia, wanaonyeshwa mtoto wa kike: binti ambaye wangempata, ambaye sasa hatakuja.

Wakakubali. May akaishi. Asubuhi Peter akaamka bila mke, na hakujua kwamba amefiwa.

Weka mwaka 2007 kando ya mwaka 2024. Kule May yuko, ndoa hakuna, mtoto hakuna. Huku ndoa ipo, mtoto yupo, May hayupo. Hakuna mahali Hickman anapomtaja yule shetani kuwa amekuja kurudisha fedha za watu. Hahitaji. Msomaji wa miaka mingi anaiona stakabadhi mwenyewe. Kile walichokinunua kimerudishwa dukani, na walichokitoa wamerudishiwa, na mtoto wa kike anapita sebuleni akiitwa kwa jina la yule aliyekuwa bei.

Hivi ndivyo ilivyo kila mahali? Kwamba anayebaki amebaki badala ya mwingine? Nalikataa wazo hili mchana. Usiku linarudi.

*

Toleo la nne la Ultimate Spider-Man ni la chakula cha jioni. Mary Jane na Peter wamekaa mezani na rafiki yao Harry Osborn na mkewe. Mkewe ni Gwen Stacy.

Nilitazama mikono yake. Anazungumza, anacheka, anashika vitu. Wasomaji waliotaka mapigano walilalamika kwamba hakuna kilichotokea. Kwangu halijatokea jambo kubwa kuliko hilo katika miaka mingi ya kusoma: Gwen anakula.

Kwa sababu namfahamu Gwen wa Juni 1973, mpenzi wa Peter, katika Amazing Spider-Man namba 121, aliyoiandika Gerry Conway na kuichora Gil Kane. Jambazi amemtupa kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguu, mwili unasimama ghafla hewani. Kando ya shingo yake pana herufi chache ndogo, mlio wa kitu kinachovunjika. Ni ndogo kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hupita bila kuziona. Peter anamvuta juu akijisifu kwamba amemwokoa. Baadaye, katika ukurasa wa barua za wasomaji, wahariri wakasema wazi kwamba ule msimamo wa ghafla ndio uliomuua. Hata daraja lenyewe halieleweki: maneno yanalitaja la George Washington, picha inafanana na la Brooklyn. Watu wamebishana juu ya daraja hilo kwa miaka 50, nami nawaelewa. Kubishana juu ya daraja ni rahisi kuliko kuzitazama zile herufi.

Ingawa Gwen yule wamemtengenezea mapacha na vivuli na Gwen wa dunia nyingine mwenye utando wake mwenyewe, aliyeanguka ameanguka. Huyu wa mezani hamjui yule. Hajui kwamba kuna mahali shingo yake ilivunjika. Peter aliye mbele yake naye hajui. Mezani pote pale mwenye kujua ni mimi, na mimi siwezi kusema.

Labda msomaji wa zamani ni hilo tu: mtu anayekumbuka vifo kwa niaba ya wasiovikumbuka waliokufa wenyewe.

Zamani mashabiki walikuwa na msemo, nusu mzaha, kwamba katika katuni hakuna abakiye kaburini isipokuwa Bucky, Jason Todd na Ben. Mwaka 2005 wakamrudisha Bucky, swahiba wa Captain America. Mwaka huohuo wakamrudisha Jason Todd, yule Robin, msaidizi wa Batman, ambaye mwaka 1988 wasomaji wenyewe walipiga simu kuamua afe au aishi, na kura za kufa zikashinda kwa 5,343 dhidi ya 5,271. Tofauti ya kura 72. Nimewahi kuwawaza hao watu, wazee sasa. Wamezika wangapi wao tangu hapo, bila kuulizwa?

Siku hizi mlango wa kaburi hauna hata kitasa. Kamala Khan, Ms. Marvel, binti wa Kiislamu wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani, aliuawa katika Amazing Spider-Man namba 26, lililoingia madukani tarehe 31 Mei 2023. Hakufia hata katika kitabu chake. Hakufa hata kwa sura yake: alikuwa amejigeuza afanane na Mary Jane ili amwokoe. Huyo ni wa pili sasa, mwanamke anayekufa amevaa uso wa mwingine. Tarehe 12 Julai likatoka toleo la kumuomboleza, na miongoni mwa walioliandika alikuwamo G. Willow Wilson, mmoja wa waliomuumba. Nilihesabu, kwa mazoea ya nyumbani: arobaini yake ilikuwa imepita siku mbili. Hitima imechelewa kidogo, nikasema, lakini imesomwa. Tarehe 26 Julai akafufuliwa na X-Men, kisiwani kwao Krakoa, ambako wafu walikuwa wanarudishwa kwa utaratibu kama watu wanaofuatilia kadi zao ofisini.

Sikukasirika kwamba amerudi. Nampenda Kamala. Kilichoniudhi ni kwamba niliwahi kumwombea, na ombi likawa limetumika vibaya. Halafu nikajiuliza ni nini hasa nilichotaka. Abaki amekufa, ili huzuni yangu iheshimike? Huo ni uchoyo wa namna gani? Ningeambiwa leo kwamba mtu wangu ananyanyuka, ningesimama mlangoni nimwambie arudi kwa kuwa arobaini tumeshasoma?

DC, washindani wa Marvel, nao wamefanya ya kwao. Oktoba 2024 Scott Snyder na Nick Dragotta walianza Absolute Batman, ambamo Bruce Wayne hana utajiri, na baba yake, Thomas, ni mwalimu aliyeuawa kwa risasi katika bustani ya wanyama. Mama, Martha, yu hai. Tangu Novemba 1939 wazazi wale wamekuwa wakianguka pamoja kwenye barabara ileile. Sasa mmoja ameachwa amesimama. Sikipendi sana kitabu hiki, kina makelele, na Batman wake ana kifua kipana kama kabati, na alama yake ya popo anaing'oa kifuani anaitumia kuwa shoka. Lakini kila Martha anapotokea nasimama. Batman mwenye mama! Mtu ambaye kuna anayeweza kumuuliza amekula nini. Na bado anatoka usiku. Basi uyatima haukuwa sababu? Mtu mmoja aliyekosekana anatosha?

*

Kuna jambo la mwisho katika Ultimate Spider-Man, na ndilo lililonifanya niliogope kidogo toleo jipya kila lilipokuja. Muda unakwenda. Peter wa kawaida alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1962 na mpaka leo hajafikisha miaka ya kuumwa mgongo. Kalenda inamzunguka bila kumgusa, nami nilimpita umri zamani nikamwacha nyuma. Lakini katika ulimwengu huu mwezi mmoja wa msomaji ni mwezi mmoja wao. Ukikaa mwezi bila toleo, nao wamekaa mwezi. Richard na yule May mdogo wanakua. Ben anazidi kuwa mzee, na uzee wa kweli una pa kuishia. Wamempa uhai, wakampa na saa.

Ndiyo tofauti, basi? Wa kwanza alikufa upesi lakini hafi tena. Huyu yu hai na anakwenda kufa. Sijui kipi ndicho kilicho bora kwa mtu wa kuchorwa, na sijui kwa nini nadhani swali hili ni lake.

Mama mdogo hasomi katuni. Alinikuta barazani kwake na matoleo haya, akaketi, akachukua moja akalifunua kwa kulamba kidole. Akalitazama lile la wazee wawili.

"Huyu mzee nani?"

"Baba mkubwa wa huyu kijana. Ben."

"Na mkewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Watoto?"

"Hawakujaaliwa."

Akaguna. Akafunua ukurasa, akarudi nyuma tena kwa Ben. "Sasa nani anamtazama?" Nikamwambia yupo huyu kijana, na kuna rafiki yake wanafanya kazi pamoja. Hakuonekana kuridhika. Akasema, hakuwa ananiambia mimi hasa, "Baba yako asingeweza. Hata wiki asingeweza."

Sikujua kama ni sifa au lawama, au kama alikuwa ananijibu swali ambalo sijawahi kuthubutu kumuuliza. Akaniuliza kama nimekula.